Barua ya wazi kwa Mheshimiwa msimamizi wa usafiri wa Ziwa Kivu kuhusu boti zisizo na taa

Mheshimiwa,

Kwa heshima zote, ninakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizoleta ofisini kwako hazikujibiwa. Usiku wa Jumanne iliyopita, boti ya mizigo iliyokuwa ikija Goma bila taa hata moja iligonga timu yetu ya wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo kama dagaa, ikavunja miti inayounganisha mitumbwi yetu mitatu, ikakokota wavu mpaka ukachanika, na kijana wetu mmoja akavunjika mkono. Wavu huo ninaulipia deni hadi leo. Wavuvi wamekaa bila kazi, dawa za kijana ninazitafuta mimi, na watoto wangu wamefukuzwa shuleni kwa kukosa minervali, yaani karo.

Sisi tunaonekana kutoka mbali, kwa maana sambaza hufuata mwanga na kila timu huwasha taa zake. Lakini anayefanya kazi chini ya taa haoni kinachomjia kutoka gizani. Labda wenye boti wanakwepa gharama ya betri, au wapo wanaotaka kupita bila kuonekana na watoza ushuru. Vyovyote iwavyo, anayeumia ni mvuvi.

Baharini jambo hili liliamuliwa zamani. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano, za mwaka 1972, zinaagiza taa ziwake tangu jua kuzama hadi kuchomoza: nyekundu ubavu wa kushoto, kijani ubavu wa kulia, nyeupe mlingotini na nyingine nyeupe nyuma. Ukiona nyekundu na kijani pamoja, chombo kinakujia uso kwa uso. Ukiona nyekundu peke yake, kinakuonyesha ubavu wake wa kushoto. Hapa kwetu rangi hizo ni za lazima zaidi, kwa kuwa balbu moja nyeupe hupotea kati ya taa za wavuvi. Ninatambua kwamba kanuni hizo zinahusu bahari na maji yanayofikiwa na meli za baharini, na Kivu haimo. Ndiyo maana agizo linapaswa kutoka kwako.

Boti ya abiria Merdi ilizama karibu na bandari ya Kituku, hapa Goma, tarehe 3 Oktoba 2024 mchana kweupe, watu wakitazama kutoka ufukoni, na bado wengi walikufa. Usiku nani atawaona? Ulipokutana na sisi wavuvi uliahidi kwamba kila boti itakaguliwa kabla ya kuondoka. Majile, yaani majaketi ya kuokolea, tuliona yakihesabiwa kwa muda. Taa hakuna aliyeziuliza, na ahadi ile ninakukumbusha mbele ya wote.

Sikuombi fidia, ingawa ninaihitaji. Ninaomba boti isiyo na taa nyekundu, kijani na nyeupe zinazowaka isitoke bandarini jua likishazama. Mbalamwezi inayofifisha taa zetu ikiisha, tutarudi majini na wavu wa kuazima, na agizo hilo liwe limetoka kabla ya hapo.

Mkuu wa timu ya wavuvi wa sambaza,
Goma