Chakula cha mtoto shuleni kipimwe kwa saa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wazazi wenzangu kuhusu chakula tunachowafungia watoto kwenda shule. Tukikaa kuzungumza jambo hili, huwa tunaulizana mtoto anapenda nini, au kipi kina lishe. Hayo yana nafasi yake, ila swali la kwanza linapaswa kuwa jingine: tangu chakula kiive mpaka mtoto akitie mdomoni, zinapita saa ngapi?

Mchukue mtoto wa Dar es Salaam anayepitiwa na basi la shule saa kumi na moja na nusu alfajiri. Chakula chake kimefungwa saa kumi na moja, na mara nyingi kilipikwa jana usiku. Mapumziko ni saa nne, chakula cha mchana saa saba. Maana yake kontena hukaa ndani ya begi saa tano kabla ya mapumziko na saa nane kabla ya mlo wa mchana, katika jiji ambalo Januari na Februari joto hupita nyuzi 30 kivulini. Vijidudu vya kwenye chakula hustawi kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na kanuni ya jikoni ni kwamba chakula kilichopikwa chenye majimaji kisikae katika joto hilo zaidi ya saa mbili. Kwa hiyo kila kinachoingia kwenye kontena kiwe kikavu, au kiwe moto kwelikweli, au kiwe baridi kwelikweli. Cha vuguvugu kibaki nyumbani.

Kinachonitia hofu kuliko vyote ni wali. Mchele hutoka shambani ukiwa na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu hizo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa upoe sufuriani usiku kucha, mbegu huamka, bakteria huzaana na kutoa sumu. Sumu hiyo humtapisha mtoto ndani ya saa chache tu baada ya kula. Ukikipasha kiporo alfajiri mpaka kikafuka moshi, bakteria watakufa lakini sumu itabaki, kwa sababu moto wa jikoni hauiwezi. Ndiyo maana mzazi huapa kwamba alikipasha vizuri, na bado mtoto akarudishwa nyumbani akiwa hoi. Tena wali wa namna hiyo unaweza usinuke wala usiteleze, kwa hiyo pua haitakuokoa. Wali wa nazi una shida zaidi, maana tui lina mafuta, protini na maji mengi bila uchachu wa kuzuia vijidudu. Ukikaa kwenye joto huchacha mapema. Na asidanganyike mtu kwamba viungo vya pilau vinalinda chochote.

Anayetaka mtoto ale wali, au maharage, au makande saa saba mchana, apike alfajiri hiyohiyo na atumie chombo kinachostahili. Hapa watu wengi huchanganya mambo. Hotpoti ya plastiki ni chombo cha mezani, cha kuweka chakula moto familia inapokusanyika; baada ya saa tatu au nne chakula kimeshashuka kwenye uvuguvugu, na uvuguvugu ndio hasa tunaoukwepa. Kinachohitajika ni flaski ya chakula ya chuma kisichoshika kutu, yenye kuta mbili zilizonyonywa hewa katikati. Kuijua kama ni nzima, ijaze maji yanayochemka, ifunge, ngoja dakika 10, kisha shika ubavu wake. Ukisikia joto nje, hewa imeshaingia kati ya kuta na flaski hiyo haifai tena kwa kazi hii, hata kama inang'aa.

Namna ya kuijaza nayo ina taratibu zake. Mimina maji yanayochemka mpaka juu, funga, acha dakika 10 chuma kipate moto. Wakati huo chakula kiwe jikoni kinatokota. Mwaga maji, jaza chakula papo hapo mpaka karibu na shingo, funga. Flaski iliyojazwa nusu hupoa upesi, na chakula kilichoshushwa jikoni kikangoja dakika 20 mtoto avae soksi kimeshapoteza joto ambalo flaski haiwezi kulirudisha. Maharage yenye mchuzi hushika joto kuliko wali mkavu, kwa sababu wali una hewa katikati ya punje. Jumamosi fanya jaribio: jaza saa kumi na moja alfajiri kwa chakula chenyewe, fungua saa saba mchana, chomeka kipimajoto cha chakula. Kikisoma chini ya nyuzi 60, flaski hiyo ni ya mapumziko ya saa nne, au si ya shule kabisa. Pia mwache mtoto aifungue mwenyewe mbele yako. Chakula kikipoa kidogo, hewa ya ndani husinyaa na mfuniko hung'ang'ania. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kushinda na njaa huku chakula kiko mkononi mwake.

Wengi wetu hatuna flaski ya namna hiyo, na haina ubaya. Kontena la vyakula vikavu ni salama kuliko kontena la mwenye friji anayefunga wali wa jana, na linaweza kumshibisha mtoto vilevile. Kiini chake kwetu ni chapati. Kwa nusu kilo ya unga wa ngano, robo yake iwe unga usiokobolewa; weka kijiko cha chai kimoja cha chumvi, vijiko vya mezani vitatu vya mafuta, na maji ya moto kama mililita 300, ukiyaongeza kidogokidogo. Maji ya moto huivisha sehemu ya wanga na chapati hubaki laini mpaka mchana. Ya maji baridi hukakamaa kufikia saa nne. Kanda dakika 10, pumzisha donge nusu saa, utapata chapati nane za wastani. Kosa kubwa hutokea baada ya kupika: chapati ya moto ikikunjwa na kufungiwa kwenye kontena, mvuke hugeuka maji chini ya mfuniko, chapati zinaloa, na penye unyevu hakuna tena chakula kikavu. Zitandaze kwenye ungo, funika kwa kitambaa safi, zipoe dakika 20, ndipo uzifunge. Maandazi vilevile. Vitumbua vyenye tui zito vibaki vya chai ya nyumbani.

Mtoto wa miaka 6 hadi 9 humtosha chapati moja au andazi saa nne, na chapati mbili saa saba. Gawa kontena mbili, moja ya kila mlo, la sivyo vyote vitaliwa saa nne na mchana atakodolea macho chakula cha wenzake.

Kitoweo ndicho kinachowashinda wengi, kwa kuwa kila kitoweo tunachokizoea kina mchuzi. Kwenye kontena kavu kuna dagaa. Wakate vichwa, waoshe kwa maji ya vuguvugu mpaka mchanga uishe, waanike wakauke kabisa, kisha wakaange kwa moto wa wastani mpaka ukimvunja mmoja akatike kwa mlio. Wakitoka laini bado wana maji na watanuka mapema. Vijiko vitatu vya mezani vinatosha, na kwa kuwa huliwa na mifupa yake, mtoto anapata madini ya kalsiamu humo humo. Usiwakamulie ndimu nyumbani, watalainika. Funga kipande cha ndimu pembeni akamulie mwenyewe.

Karanga za kukaanga, konzi moja ya mkono wa mtoto, nazo ni chakula kizuri, ila zichaguliwe moja moja kabla ya kukaanga. Tupa iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au ladha chungu. Kuvu wa kwenye karanga na mahindi hutoa sumukuvu, na kukaanga hakuiondoi yote. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo, kwa hiyo huu si woga wa bure. Mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe karanga nzima, zinaweza kumkaba. Mpakie siagi ya karanga nyembamba ndani ya chapati. Na kama darasani yupo mtoto asiyepatana na karanga, shule iwaambie wazazi wote, kwa sababu watoto hubadilishana chakula hata ukiwakataza.

Yai la kuchemsha linaweza kwenda kwa masharti. Lichemke dakika 10, lipoe kwenye maji safi ya baridi, na lisimenywe. Ganda ndilo linalozuia mikono ya kila mtu kuligusa. Lililopasuka liliwe nyumbani. Lisafiri pamoja na barafu na liliwe saa nne. Barafu yenyewe ni rahisi: chupa ya maji ya nusu lita, ijazwe robo tatu tu kwa kuwa maji yakiganda hutanuka na kupasua chupa, ilale kwenye friza usiku. Asubuhi izungushie kitambaa, ilaze juu ya kontena maana ubaridi hushuka chini, na vyote vikae kwenye begi la chakula lililotandikwa ndani kitu cha kuzuia joto. Ikifika saa nne imegeuka maji ya kunywa. Sambusa za nyama, katlesi na viazi vitamu vya kuchemsha vifuate masharti hayo hayo: barafu juu, saa nne viwe vimeliwa. Soseji ningeziacha kabisa. Zina chumvi nyingi, na tangu 2015 nyama za kusindikwa za aina hiyo zimeorodheshwa na Shirika la Afya Duniani miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani.

Matunda ya kufaa ni yale yenye ganda lake. Ndizi isiyoiva kupita kiasi, ikae juu ya vitu vingine. Chenza. Chungwa lililomenywa kwa kisu ngozi ya nje tu, ule weupe ukabaki, bila kukatwa kichwa. Tikiti, papai na embe lililokatwa ni matamu lakini hayana barafu ya kutosha kuyalinda mpaka saa saba, na majimaji yake huharibu kila kilicho jirani. Karoti nayo iende mbichi, imeoshwa na kukatwa vipande virefu, kachumbari isifungwe.

Chungwa hilo lina kazi nyingine. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 nchini wana upungufu wa damu. Watoto hao wameshafika shule. Malaria na minyoo vinachangia, lakini na chakula pia: madini ya chuma ya kwenye maharage na mboga za majani hufyonzwa kwa shida, vitamini C ya chungwa huyasaidia kupita, na chai huyazuia. Kumfungia mtoto maharage na chupa ya chai ya rangi ni kutoa kwa mkono huu na kupokonya kwa mwingine. Mpe maji. Soda ya mililita 300 ina sukari kama gramu 30, yaani zaidi ya vijiko saba vya chai, na juisi nyingi za pakiti haziko mbali na hapo. Juisi ya nyumbani isiyogandishwa huanza kuchachuka ndani ya chupa, na ukifungua mfuniko huruka.

Nina ombi pia kuhusu gazeti, Mhariri, nalo uliweke hata kama si la faida kwako: maandazi ya moto yasifungwe kwenye karatasi za magazeti. Mafuta huyeyusha wino na wino huingia kwenye andazi. Kitambaa safi cha pamba kinatosha. Makopo ya aiskrimu na siagi nayo yasitiwe chakula cha moto, hayakutengenezwa kwa joto.

Kontena lioshwe jioni ileile, na ule mpira wa mfuniko utolewe kwenye mfereji wake, maana uchafu unaonuka hukaa chini yake. Liachwe wazi likauke usiku. Kilichorudi kisiliwe tena na mtu yeyote, hata kama kinaonekana kizima. Kitazame tu ujue mtoto hakula nini, umuulize bila kumgombeza.

Mwisho, walimu wakuu. Begi za chakula zisipangwe barazani jua linapopiga, wala zisiachwe ndani ya basi. Ziwekwe darasani kwenye rafu, upande wa kivuli. Pawe na bomba la maji yanayotiririka na sabuni, na dakika 10 za kunawa zihesabiwe ndani ya ratiba, kwa kuwa kengele ya chakula ikigongwa pamoja na kengele ya kunawa watoto watachagua kula. Na shule inayoanza vipindi saa moja asubuhi inaweza kabisa kuusogeza mlo wa mchana kutoka saa saba hadi saa sita.

Mpishi na mwalimu wa lishe,
Tabata, Dar es Salaam