Mpika Bia Wetu Anafanya Nini Siku Nzima?

Swali hili tunaulizwa kwenye kaunta ya kiwanda chetu kidogo cha bia hapa Arusha kila wikiendi, na siku hizi linakuja na CV: "Hivi kazi ya kupika bia mtu anaipataje?" Wengi wanadhani ni kazi ya kuonja. Acheni tulijibu vizuri, maana jibu lake linaeleza pia kwa nini laga yetu huisha mkaambiwa mrudi baada ya wiki kadhaa.

Sehemu kubwa ya kazi ni kuosha. Matangi, mipira, valvu na kegi vinapita kwenye kostiki soda ya moto, vinasuuzwa, vinapigwa asidi, halafu dawa ya kuua vijidudu. Maji matamu ya kimea yakishapoa ni chakula cha kila bakteria anayepita, na hayachemshwi tena. Anayeona kuosha ni kazi ya kibarua hatufai, hata awe na digrii mbili.

Siku ya mapishi, kimea cha shayiri kilichosagwa kinalowekwa kwenye maji ya nyuzi 66 hivi kwa saa nzima ili wanga ugeuke sukari. Nyuzi tatu nne hapo si jambo dogo: ukishuka hadi 63 bia inatoka kavu, ukipanda hadi 70 inabaki nzito na tamutamu. Mpika bia wetu (ndiyo, ni dada, ingawa wageni wengi huanza kumtafuta mwanamume) huchota kijiko kimoja, akakimimina kwenye kisahani cheupe na kudondoshea iodini. Rangi ikigeuka buluu iliyokoza, wanga bado upo, tunasubiri. Kina mama wa Uchagani wanaopika mbege hawawezi kushangaa: nao wana kimea chao cha ulezi, na uchungu wanautoa kwenye gome la msesewe. Sisi tunachemsha maji ya kimea pamoja na hopsi, ambayo lazima iagizwe nje, Ujerumani au Marekani, kwa sababu mmea wake unataka siku ndefu za kiangazi cha huko ili utoe maua vizuri.

Arusha nayo ina mambo yake. Maji yanayotoka upande wa Meru yana floraidi nyingi, kwa hiyo tunayachuja mpaka yanabaki matupu, kisha tunayarudishia kalsiamu na chumvi nyingine kwa kipimo. Halafu tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kwa joto hilo hopsi haitoi uchungu wake upesi. Mapishi ya kitabu cha Ulaya ukiyafuata kama yalivyo, bia inakosa uchungu mdomoni. Ama unachemsha muda mrefu zaidi, ama unaongeza hopsi, na hopsi ni ghali.

Baada ya hapo mwenye kazi ni hamira. Kila asubuhi dada anachota sampuli na kutumbukiza haidromita, kifaa kinachoonyesha bia ni nzito kiasi gani kuliko maji matupu (ambayo ni 1.000), maana sukari ikiliwa uzito hushuka: ikianza na 1.048 ikashuka hadi 1.010, pombe imefika kama asilimia 5. Bia ya aina ya ale inachacha kwenye nyuzi 18 hadi 20 na huwa tayari ndani ya wiki mbili tatu. Laga inachacha kwenye nyuzi 10 hadi 12, polepole, na karibu na mwisho tunaipandisha joto siku mbili tatu ili hamira imalize ile harufu ya siagi iliyoitoa yenyewe. Kisha inalala kwenye baridi kali wiki kadhaa. Tungeweza kuitoa mapema, nanyi mngeinywa, lakini siagi mngeisikia.

Sasa, kwa wadogo zetu wenye CV. Ukiwa umesoma kemia au biolojia, au sayansi na teknolojia ya chakula kama inavyofundishwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro, una mwanzo mzuri. Viwanda vikubwa vya Dar, Mwanza, Mbeya, Moshi na hapa Arusha vinafundisha nidhamu ya maabara ambayo kiwanda kidogo hakina nafasi ya kukupa. Mitihani ya Chartered Institute of Brewers and Distillers ya London inatambulika duniani, kuanzia cheti, diploma, hadi Master Brewer, na huna haja ya kuhamia Uingereza ili uifanye. Hata hivyo kwetu utaanzia kwenye kegi na brashi. Tunachotazama ni kama daftari lako linasomeka, maana mteja akiipenda bia ya Juni anataka hiyohiyo Septemba, na bila kumbukumbu huwezi kuirudia. Jambo jingine: usiingize kichwa kwenye tangi linalochacha. Kabonidioksidi ni nzito kuliko hewa, inajaa mle ndani na inaua.

Wanaotaka kuona wenyewe, waje siku za mapishi, Jumamosi kabla ya saa mbili asubuhi, wawe na umri wa miaka 18 na kuendelea, na viatu vya kufunika vidole. Wafugaji wa Tengeru na Usa River, machicha ya kimea tunatoa bure mchana uleule. Njooni na magunia yenu, na machicha msiyalaze, maana kesho yake yameshachacha.