Kozi za kumiksi muziki zifundishe kusikiliza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wanaowatoza vijana ada kwa kuwafundisha kumiksi muziki, yaani kuchanganya na kusawazisha sauti zilizorekodiwa ziwe wimbo mmoja.

Mwaka juzi nililipia kozi ya miezi mitatu hapa jijini. Tulifundishwa kila kitufe cha programu ya kurekodia, lakini hatukukabidhiwa hata wimbo mmoja ambao besi, ngoma na mwimbaji vimerekodiwa kila kimoja peke yake, ili tuupange wenyewe na kazi yetu ikosolewe mbele ya wenzetu. Wimbo wa kwanza nilioumiksi baada ya kuhitimu ulinipendeza sana kwenye hedifoni, nyumbani Sinza. Nilipousikia ndani ya daladala, besi ilikuwa imemmeza mwimbaji.

Sababu niliipata kwa kujisomea. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, watafiti wa Marekani, walichapisha vipimo vinavyoonyesha kwamba sauti inaposhushwa, sikio hupoteza besi mapema kuliko sauti za kati. Mimi nilikuwa nikimiksi usiku, kwa sauti ya chini ili nisiwasumbue majirani, nikawa naongeza besi ambayo sikio langu halikuipata. Dereva alipofungulia redio, besi yote ile ikajitokeza. Jambo hili lingeelezwa darasani kwa dakika kumi.

Sisemi kwamba kujisomea kunatosha. Mafunzo ya bure ya intaneti yamenisaidia mno, lakini mengi hutumia mifano ya muziki wa taratibu kuliko wetu. Katika singeli yenye mapigo 200 kwa dakika, pigo moja huchukua sekunde 0.3 tu, hivyo mwangwi wa sekunde mbili unaopendeza kwenye wimbo wa mapenzi utayafunika maneno ya mwimbaji moja baada ya jingine. Hilo nalo nililigundua kwa kuharibu kazi ya msanii aliyeniamini, na bado linaniuma.

Ninachowaomba walimu wa kozi hizi ni kwamba, kwa idhini ya wasanii, wawape wanafunzi wote wimbo uleule wa hapa nyumbani, kisha miksi zao zisikilizwe pamoja kwenye spika kubwa, kwenye simu na kwenye redio ya gari, zote zikiwa zimesawazishwa ukubwa wa sauti, kwa maana iliyo juu zaidi hudhaniwa ndiyo bora hata kama sivyo. Nusu ya saa za kozi zitengewe kazi hiyo.

Msomaji wako,
Sinza, Dar es Salaam