Kombora la Jupiter lisipitiwe kwa mstari mmoja

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe la moyoni kuhusu namna mgogoro wa Cuba wa 1962 unavyosimuliwa magazetini. Makombora ya nyuklia ya Kisovieti yaliyopelekwa Cuba huelezwa kwa kirefu. Yale ya Jupiter, ambayo Marekani iliyasimika Italia (30) na Uturuki (15), hupitiwa kwa mstari mmoja. Hapo msomaji anapunjwa, maana hatari ya Jupiter ilitokana na jinsi lilivyoundwa.

Lilibuniwa Huntsville, Alabama, na wahandisi wa jeshi la nchi kavu chini ya Wernher von Braun, mtaalamu wa roketi mzaliwa wa Ujerumani, lipige umbali wa kilomita 2,400. Ufupi wake, mita 18 tu kwa kipenyo cha mita 2.67, ulitokana na matakwa ya jeshi la majini lililotaka litoshe melini. Desemba 1956 wanamaji walijitoa, wakafuata Polaris, kombora la nyambizi la mafuta makavu. Umbo likabaki lilelile.

Majaribio yalianza vibaya. Machi 1957 joto la injini liliharibu sehemu ya mkia, kombora likavunjika angani. Aprili lilivunjika tena baada ya sekunde kama 90: mafuta yalipiga mawimbi ndani ya tenki hadi mtambo wa uongozi ukashindwa kulidhibiti. Vikawekwa vizuizi vya kuyatuliza, na Mei 31 likaruka vizuri.

Kasoro kubwa zaidi haikuondoka. Jupiter lilichoma mafuta ya taa yaliyosafishwa kwa oksijeni ya kimiminika, ambayo huchemka kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri, hivyo haiwezi kuachwa ndani ya kombora likisubiri amri. Ilibidi ijazwe mwishoni, katika maandalizi ya kama robo saa. R-12, kombora la Kisovieti lililopelekwa Cuba, lilitumia asidi ya naitriki, inayovumilia kukaa tenkini. Tena Jupiter lilisimama wima juu ya ardhi, bila handaki; theluthi yake ya chini tu ndiyo iliyofunikwa kwa mabati, mafundi wapate kufanya kazi kwenye mvua. Silaha isiyoweza kustahimili shambulio ina kazi moja tu ya maana, kutangulia kurushwa. Moscow iliielewa hivyo, na naamini haikukosea.

Hata radi ililifikia. Kati ya Oktoba 1961 na Agosti 1962 makombora haya, yakiwa na vichwa vya nyuklia vya megatani 1.4 (nguvu ya tani milioni 1.4 za baruti ya TNT), yalipigwa na radi mara nne huko Italia. Mara mbili kati ya hizo, gesi ya kuongeza nguvu ya mlipuko iliingia ndani ya kiini cha kichwa. Minara ya kuikinga radi ilijengwa baada ya pigo la nne! Jambo zito namna hii nalitafuta katika simulizi zetu bila kuliona, nami naomba toleo lenu lijalo kuhusu Cuba liwape wasomaji habari hizo kwa ukamilifu.

Waeleze pia kilichofuata. Aprili 1963, Jupiter zilipokuwa zinaondolewa Uturuki, nyambizi ya Marekani Sam Houston yenye makombora ya Polaris ilitia nanga Izmir, bandari ya nchi hiyo.

Msomaji wenu,
Morogoro