Barua ya wazi kwa kina mama wa Dar es Salaam wenye watoto nyumbani likizo ya Juni

Wanangu,

Hamjambo? Wajukuu zangu hawajambo? Jibu nalijua: hawajambo, ila wamewachosha, na likizo haijamaliza hata wiki. Mwendo wa likizo ni uleule. Wiki ya kwanza mmewanunulia gundi, karatasi za rangi na shanga za kujaza kopo. Wiki ya pili kuna paka mdogo kaokotwa gengeni. Wiki ya tatu inapangwa safari ya Bagamoyo, watu kumi na wawili kwenye gari la watu saba. Ikifika ya nne gundi imekaukia chupani, paka anaharisha, na Bagamoyo haijafikiwa.

Wengi mnasema ni uvivu wenu. Siyo. Mmekosea kipimo tu. Mtoto wa miaka saba anaipenda kazi inayokwisha siku ileile aliyoianza. Ikilala mara mbili bila kwisha ameshaichukia, na wewe umeshaanza kumfokea. Kwa hiyo nimewaletea vipimo vya mambo matatu, kazi ya mikono, mnyama wa nyumbani na matembezi.

Anzeni na ukili, ule utepe wa kusuka kwa ukindu, majani makavu ya mkindu. Ukindu unapatikana sokoni, hautaki umeme, hauchafui kuta. Lakini msiwape watoto mkeka. Mkeka wa kulalia unamshinda hata mtu mzima asiye na subira. Wapeni kitu cha kuwekea kikombe cha chai, duara la sentimita 10. Chane tatu, yaani vipande vyembamba vya jani, zenye upana wa nusu sentimita kila moja, zikisukwa, zinatoa ukili wa upana wa sentimita 1 hivi, na duara hilo linakula ukili wa sentimita 80. Weka na 20 za makosa, inakuwa mita moja. Mtoto wa miaka minane akianza baada ya chakula cha mchana, magharibi inamkuta anashona.

Ukindu wa sokoni huja mkavu. Ukiusuka hivyo utapasuka kila unapokunjwa. Wala usiuloweke usiku kucha kama maharage: uchane ulioshiba maji huvimba, ukisukwa unaonekana umebana vizuri, kesho ukikauka unasinyaa na ukili unabaki na matundu ya kuchungulia jirani. Uchovye majini dakika tano, ukung'ute, uuviringe kwenye kipande cha khanga chenye unyevu, mtoto awe anachomoa uchane mmojammoja anaouhitaji. Kunja mmoja kidoleni. Ukikubali bila kulia, uko tayari.

Kuchana ni kazi yako wewe mama, kwa ncha ya sindano, ukifuata mishipa ya jani. Kingo za ukindu ukizivuta haraka kati ya vidole zinakata kama wembe, na mtoto akikatwa siku ya kwanza hashiki tena. Hakikisha chane zote zina upana mmoja. Moja ikiwa nene kuliko wenzake ukili unayumba, na hakuna mkono wa kuunyoosha baadaye.

Kusuka chane tatu ni kama kusuka nywele, kwa tofauti moja ambayo watoto huikosa: uchane wa pembeni unakunjwa, hausokotwi. Ukifika ukingoni unaulaza upande wake wa pili, ubonyeze kwa kucha, halafu unaingia ndani. Ukisokotwa unatokea uvimbe, na duara litakapokuja kushonwa halitalala. Aliyezoea tatu apewe tano: tatu mkono wa kulia, mbili kushoto. Wa nje kabisa kulia unapita juu ya wa kwanza, chini ya wa pili, unahamia kushoto. Sasa kushoto ziko tatu. Wa nje huko nao unapita juu, chini, unahamia kulia. Ni hivyohivyo mpaka mwisho. Mtoto aimbe "juu, chini, hamia" akipenda. Mkono unafuata mdomo.

Uchane ukikaribia kwisha usingoje umalizike. Ukibakia urefu wa kidole, laza mpya juu yake, visukwe pamoja mikunjo miwili au mitatu, kisha wa zamani uachwe kwa nyuma. Ndiyo sababu tangu mwanzo chane zinakatwa urefu tofauti. Zikiwa sawa zote zinakwisha mahali pamoja, na ukili unakatikia hapohapo. Vikia vya nyuma vinapunguzwa kwa mkasi kazi ikikauka, si kabla, maana ukindu ukikauka hurudi nyuma kidogo na kikia kilichokatwa mapema hujichomoa.

Kushona kunataka sindano kubwa na uzi mnene wa pamba. Anzia katikati, viringa, shona ukingo kwa ukingo, na kila mzunguko ukiisha laza kazi mezani uitazame. Ukingo wa nje ukivutwa sana, duara linainuka na kuwa kawa. Kawa ni chombo kizuri cha kufunikia chakula, ila kikombe hakisimami juu yake. Ukingo ukiachiwa sana, unafanya mawimbi kama pindo la gauni. Dawa ya yote mawili ni kufumua mzunguko mmoja au miwili; kupiga pasi hakusaidii kitu.

Rangi wanaitaka, najua. Zile za unga za kuchemshia ukindu waachieni watu wazima na sufuria isiyorudi kupika chakula. Watoto watumie manjano ya jikoni: vijiko viwili vya chakula kwenye lita 2 za maji, chemsha chane nusu saa, suuza, anika kivulini. Inatoa njano nzuri, lakini hufifia juani, basi msiahidi itadumu. Wakubwa wa miaka kumi na mbili wanaotaka kazi ya maana wasuke ukili wa chane saba, unaotoa upana wa sentimita 2.5 hivi, kimkeka cha sahani cha sentimita 30 kwa 40 kinahitaji mita 5, wasuke 6. Kabla ya kuukata vipande, piga cherehani mistari miwili iliyokaribiana kisha kata katikati yake. Ukikata kwanza, kazi ya siku tatu inafumuka mkononi. Na kazi iliyo na unyevu isifungiwe kwenye mfuko wa nailoni, itaota kuvu yenye madoa meusi yasiyotoka.

Sasa huyo paka.

Nimemweka baada ya ukili kwa sababu viwili hivi vinakutana pabaya. Paka mdogo anapenda uzi unaotikisika, na ulimi wake una miiba midogo inayoelekea nyuma; uzi ukishaingia hautemi, anaumeza. Ncha moja ikinasa chini ya ulimi na nyingine ikaenda tumboni, utumbo unajikusanya kama mkoba uliovutwa kamba, na unaweza kukatika. Ukiona uzi umening'inia mdomoni au mkiani, usiuvute hata kidogo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Sindano na nyuzi zote zilale kwenye kopo lenye kifuniko, na anayeshona ndiye anayefunga.

Asichukuliwe kwa mama yake kabla ya wiki nane. Msimpe maziwa ya ng'ombe, kuharisha kwingi mnakokulalamikia kunatoka huko, maji yanatosha. Dagaa wakavu walowekwe na kuchemshwa bila chumvi, na bila kitunguu, kwa kuwa kitunguu ni sumu kwake. Ugali unamjaza tumbo tu, paka ni mla nyama. Mdogo ale kidogokidogo mara nne kwa siku. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inavunjika vipande vyenye ncha. Na akiwa na homa msimpe panadoli ya watoto, hata robo kidonge: inamuua. Vilevile dawa ya viroboto iliyoandikwa ya mbwa nyingi zake zinaua paka, soma chupa kabla ya kupaka.

Akitimiza miezi mitatu apate chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha kila mwaka. Jina lisiwadanganye, paka naye huugua kichaa hicho na kuambukiza. Mtoto aking'atwa na mnyama yeyote, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 za saa, halafu hospitali, hata kama meno yameacha alama ndogo tu. Kuhusu choo, beseni la mchanga linatosha, lakini kinyesi kitolewe kila siku. Kinakaa siku moja au zaidi kabla ya vijidudu vyake kuweza kuambukiza, kwa hiyo anayekitoa kila asubuhi amewahi. Mwenye mimba asikiguse kabisa, hiyo kazi ampe mwingine. Jike apelekwe kuhasiwa akifika umri wa miezi mitano au sita. Hubeba mimba siku 63 hivi tu, na kuwatafutia vitoto nyumba katika mtaa huu ni shida.

Vifaranga vilivyopakwa rangi ya waridi na kijani msivinunue. Vinakufa, mtoto analia, mnanunua vingine.

Kwa matembezi, ushauri wangu ni mahali pamoja, tena pa karibu. Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama kina nyumba za asili za makabila mbalimbali, na mtoto anayesuka ukili ataangalia kuta na mapaa yake kwa jicho jingine. Saa moja na nusu inatosha. Kaole ni mbali kidogo, kama kilomita 5 kusini ya mji wa Bagamoyo, magofu ya misikiti na makaburi yaliyoanza karne ya 13. Huko nendeni na wenye miaka kumi kwenda juu. Wadogo wanaona mawe, wanaomba soda.

Ila kwa watoto wote hakuna kama Coco Beach maji yakitoka, pale mwamba unapobaki wazi na madimbwi yake. Hapo sharti mjue maji. Hesabuni tarehe za mwezi wa Kiislamu: tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ni bamvua, bahari inatoka mbali sana, na katika pwani yetu kupwa kwa bamvua huangukia saa nne au saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata inachelewa dakika 50 hivi. Tarehe 7 hadi 9 na 22 hadi 24 ni maji mafu: maji hujaa kwenye saa nne asubuhi, mkondo ni mdogo, na hizo ndizo siku za kuogelea. Wengi mnachagua Jumamosi kwanza, kisha mnashangaa bahari haipo. Chagueni tarehe ya mwezi, halafu mtafute Jumamosi iliyo karibu nayo.

Siku ya kupwa fikeni mapema, kama saa moja na nusu kabla ya maji kufikia mwisho wake, na maji yakianza kurudi nanyi rudini. Hayaji kutoka mbele tu. Hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yenu, na mtu anayeangalia baharini anageuka kukuta kati yake na ufuko pana maji ya kiunoni. Watoto wavae raba za kufunga kamba. Yeboyebo huteleza na kubaki kwenye nyufa. Asiyejua asishike kitu. Konokono mwenye gamba la umbo la koni, hata awe na maua mazuri namna gani, anachoma kwa sumu na wapo wanaoua. Yule mnyama wa duara mwenye miiba mirefu myeusi akichoma, loweka mguu kwenye maji ya moto kiasi anachovumilia mtoto, toa miiba inayoonekana kwa kibano, usichokonoe iliyozama. Kauri na dondo walio hai waachwe walipo. Bongoyo na Mbudya ndiyo kabisa, ni maeneo tengefu ya bahari na kuokota ni marufuku. Tena kwenye visiwa hivyo mwezi Juni kuna upepo wa kusi, na mchana bahari huchafuka. Mkienda, rudini na boti ya kabla ya alasiri, na asiyepata jaketi la kujiokolea la saizi ya mtoto asipande.

Chakula cha njiani kiwe kikavu: chapati, mayai ya kuchemsha, mihogo. Wali wa nazi uliofungiwa moto kwenye hotipoti alfajiri unachacha kabla ya adhuhuri, na mnajua daladala lilivyo. Maji lita 1 kwa kila mtoto.

Mkirudi, raba zisuuzwe kwa maji ya bomba kabla chumvi haijakauka. Aliyekwaruzwa na tumbawe aoshwe kwa sabuni na kusuguliwa taratibu kwa kitambaa safi mpaka chembe zitoke, hata akilia. Chembe ikibaki ndani kidonda hakifungi, kinatunga usaha siku ya tatu. Kisha mfungulieni paka, mmwekee maji mapya.

Ni mimi,
Bibi yenu