Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Singapore, 2025

Ndugu wanachama, wazee wetu, mashemeji, na nyie watoto mlioburutwa hadi hapa Jumapili asubuhi, salaam.

Katiba yetu inataka mwenyekiti aseme kwanza, mweka hazina afuate na hesabu zake, kisha wanachama watuhukumu. Orodha ya shughuli za mwaka mmeshaipata kwa katibu, sitaisoma tena. Nataka kusema zaidi juu ya jambo lililokula muda wa kamati kuliko mengine yote: watu wetu wa Afrika Mashariki wanaohamia hapa Singapore huku mambo yakiwa yameshaharibika kabla hawajapanda ndege. Wengi waliotupigia simu mwaka huu hawakupotelea uwanja wa ndege wa Changi. Walipotezwa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Bujumbura, mezani kwa mtu aliyewaambia kazi ipo, lete ada tu.

Kazi isiyokuwepo

Kuna mawakala nyumbani wanaotangaza kazi za ndani Singapore. Nalisema hili polepole ili kila mmoja akawaambie wa kwao: orodha ya nchi ambazo Wizara ya Kazi ya hapa inaruhusu zitoe wafanyakazi wa ndani haina hata nchi moja ya Afrika. Wamo Wafilipino, Waindonesia, watu wa Myanmar, Wahindi, watu wa Sri Lanka na wengine wa bara hili. Sisi hatumo. Anayemwahidi binti wa Tanga au Kitui kazi ya nyumbani Singapore anauza hewa, hata akiwa na ofisi yenye kiyoyozi na mihuri mitatu.

Mtu wetu kwa kawaida huingia kwa kibali cha wataalamu, Employment Pass, na anayekiomba ni mwajiri. Si wewe, wala si wakala wako. Kikikubaliwa, wizara hutoa barua ya idhini ya awali, na barua hiyo inaweza kuhakikiwa kwenye tovuti ya wizara yenyewe. Wakala mwenye leseni wa hapa haruhusiwi kumtoza mfanyakazi zaidi ya mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa mkataba, na jumla haizidi mishahara miwili.

Kijana mmoja alituletea barua yake kupitia kwa shangazi yake aliye mwanachama. Ilikuwa na kichwa cha simba juu, saini mbili chini, na mshahara uliotajwa kwa dola za Marekani, tena pungufu sana ya kima kinachokubalika hapa. Tiketi aliyopewa haikuwa ya Singapore. Ilikuwa ya Bangkok, na huko angepokewa na gari. Mnakumbuka Februari mwaka huu, watu waliotolewa kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni Myawaddy, mpakani mwa Myanmar na Thailand: Wakenya na Waganda walikuwemo. Kijana hakusafiri. Ada aliyolipa haijarudi, na wakala hapokei simu.

Vyeti na mshahara

Tangu Januari 2025 kima cha chini cha mshahara kwa Employment Pass ni dola 5,600 za hapa kwa mwezi, au 6,200 kwa sekta ya fedha. Wengi wanaishia hapo katika kusoma. Kiwango hicho ni cha kijana aliyetoka chuo juzi. Kinapanda kwa umri hadi 10,700 kwa mwenye miaka 45 na kuendelea. Mhandisi wa miaka 41 akipewa 6,000 anafurahi, mwajiri anafurahi, wizara inakataa.

Halafu kuna COMPASS, mfumo wa alama ulioanza Septemba 2023. Mwombaji anahitaji alama 40, na ili shahada yake imwongezee alama lazima ihakikiwe. Kampuni ya uhakiki inaandikia chuo chako, na ofisi ya msajili wa chuo inajibu ikijisikia. Mwaka huu tulikuwa na mtu ambaye faili lake lilikaa hivyo mpaka mwajiri akaanza kuulizia mtu mwingine. Mwishowe binamu yake alikwenda kukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya chuo siku nzima, na jibu likatoka kabla ya saa kumi. Ushauri wa kamati ni kuanza uhakiki siku unapoitwa kwenye usaili, bila kusubiri mkataba.

Kuhusu mshahara wenyewe, dola moja ya hapa ni kama shilingi 100 za Kenya, kwa hiyo dola 6,000 zinasomeka kama laki sita, na ukoo mzima unaanza kupanga harusi. Mshahara unasomwa kwa shilingi lakini unaliwa kwa dola. Chumba tu, ndani ya nyumba ya mtu mwingine, mara nyingi kinafika dola 1,000.

Tena hapa hakuna PAYE. Mshahara unaingia mzima, na aliyezoea kukatwa juu kwa juu anadhani ameponea. Mwaka unaofuata ndipo mamlaka ya mapato, IRAS, inapoleta bili. Mwenye 6,000 kwa mwezi, akihesabiwa kama mkaazi, anadaiwa kama dola 2,700 kwa mwaka. Ukilinganisha na nyumbani ni kodi ndogo, ila si ndogo ikikukuta umeshatuma kila kitu kijijini kuezekea nyumba. Jiandikisheni GIRO, benki ikate yenyewe, mlipe kwa mafungu hadi 12 bila riba. Na mgeni hachangiwi CPF, mfuko wa akiba wa wenyeji. Miaka mitano hapa bila kujiwekea chako ni miaka mitano bila pensheni, kwa hiyo anayeweza kuendelea kuchangia kwa hiari mfuko wa nyumbani asiache.

Siku ya kuondoka pia ina mambo yake. Mwajiri anatakiwa kuijulisha IRAS angalau mwezi mmoja kabla, na kushikilia malipo yako hadi kodi imalizwe. Msipange kununua tiketi kwa mshahara wa mwisho.

Nyumba

Malalamiko mengi yako hapa, basi mnivumilie.

Nyumbani tumezoea mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita au mwaka mkononi, na dalali anayetaka mwezi wake. Hapa ni amana, kwa kawaida ya mwezi mmoja kwa kila mwaka wa mkataba, pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza. Ushuru wa stempu ni juu ya mpangaji: asilimia 0.4 ya kodi ya mkataba mzima, kwa mkataba usiozidi miaka minne. Usiruke hatua hiyo, kwani mkataba usio na stempu hauna nguvu mahakamani. Dalali lazima awe kwenye daftari la CEA, taasisi ya serikali inayosimamia madalali, na kwa nyumba za HDB, yaani maghorofa ya serikali, haruhusiwi kabisa kushika hela zako za kodi wala amana. Akikutaka umtumie amana kabla hujaona hata mlango, funga simu.

Ndani ya HDB wanaishi karibu wakazi wanane kati ya kila kumi. Mkataba wake haupungui miezi sita. Nyumba za binafsi, miezi mitatu. Kuna kitu ambacho hakuna anayemwambia mgeni: nyumba nzima ya HDB inapangishwa kwa wageni kwa mgawo, asilimia 8 kwa mtaa na asilimia 11 kwa jengo, Wamalaysia wakiachwa nje ya hesabu hiyo. Unaweza kupenda nyumba, ukakubaliana bei, ukaambiwa jengo limejaa. Hapo hujabaguliwa.

Kubaguliwa nako kupo. Wapo wenye nyumba ambao wakiona picha yetu, chumba kinakuwa kimeshachukuliwa. Kamati haina dawa ya hilo. Tulichofanya ni kutunza orodha ya wenye nyumba waliowahi kupangisha wanachama na wakaachana kwa amani. Orodha iko kwa katibu, na kila anayehama anaombwa aiongezee.

Hakikisheni pia mkataba wenu una kifungu cha kuuvunja mapema mkipoteza kazi au mkihamishwa. Kwa kawaida kinaanza kufanya kazi baada ya miezi 12, kwa notisi ya miezi miwili. Bila hicho amana imekwenda.

Jambo jingine linawahusu watu wa meli, ambao ni wengi katika chama hiki. Bandari hii ilipitisha makontena zaidi ya milioni 41 mwaka 2024, mwaka uleule Mombasa iliposherehekea kuvuka milioni 2, kwa hiyo naelewa kwa nini vijana wetu wa uchukuzi wanaitamani. Lakini msikimbilie kupanga Tanjong Pagar kwa kuwa mmesikia kazi ni ya bandarini. Gati za mjini zinahamishiwa Tuas, mwisho kabisa wa magharibi, na zile za Tanjong Pagar, Keppel na Brani zinatakiwa ziwe zimehama ifikapo 2027. Gari lenyewe msahau. Hati tu ya kuruhusiwa kumiliki, COE, mwaka huu imepita dola 100,000, na bado hujanunua hata tairi.

Familia

Kumleta mwenzi na watoto kunahitaji mshahara usiopungua dola 6,000. Tangu Mei 2021 mwenzi aliyekuja kwa kibali cha mtegemezi hawezi kuajiriwa mpaka apate kibali chake mwenyewe cha kazi. Wauguzi, walimu na wahasibu wetu wengine wamekaa ndani miezi wakikodolea macho ukuta, na ndoa zimetikisika. Waume, semeni ukweli huu kabla wake zenu hawajaacha kazi nyumbani. Nawaambia na wake, maana mwaka huu wapo akina baba wawili watatu waliokuja kama wategemezi, nao walikuwa na hali ngumu kuliko walivyokubali.

Shule za serikali kwa mtoto wa kigeni ni mtihani wa AEIS na nafasi isiyo na uhakika. Za kimataifa, nyingi hupita dola 20,000 kwa mwaka. Mnaofikiria ukaazi wa kudumu mkumbuke kwamba mtoto wa kiume akiupata chini ya mzazi, jeshi la miaka miwili linamsubiri.

Mengineyo

Soko la Tekka, Little India, lina ndizi mbichi, nazi, mchicha, mihogo na samaki wa kila namna. Unga wa mahindi wa kwa Wahindi ni wa njano, ugali unatoka kama jua la jioni, watoto wanaupenda na wazee wanaukataa. Kisamvu cha nazi kipo tayari kimepikwa kwenye maduka ya nasi padang, wali na mboga za Kiindonesia, karibu na Masjid Sultan, Kampong Glam. Huko ndiko tulikofuturu pamoja Machi, Waislamu na wasio Waislamu, mitaa ileile waliyokaa Masharifu na wafanyabiashara wa Hadhramaut, ambao ndugu zao walishukia Lamu na Unguja. Mzee wetu mmoja wa Mombasa alisoma majina ya koo zao kwenye vibao kama anayeita watu wa kwao.

Hali ya hewa nimeiacha makusudi. Watu wa Kigali na Nairobi wanalalamikia joto, watu wa pwani wanalalamikia viyoyozi.

Sheria. Sigara za kielektroniki, mnazoziita vepu, zimekuwa marufuku hapa kwa miaka, na tangu 1 Septemba 2025 adhabu zimekazwa: mgeni anaweza kunyang'anywa kibali, kufukuzwa na kuzuiwa kurudi. Kwa dawa za kulevya nchi hii inanyonga. Usimbebee mtu kifurushi ambacho hukukifunga mwenyewe, awe mjomba au mchungaji. Miraa iacheni hukohuko Maua, Meru.

Msiba na kufukuzwa kazi

Mfuko wa msiba ndiyo sababu nusu yenu mko kwenye chama hiki, nami sioni aibu kulisema. Kaburi hapa ni Choa Chu Kang, makaburi pekee yanayozika bado, na baada ya miaka 15 linafukuliwa. Kwa hiyo familia nyingi huomba mwili urudi nyumbani, na gharama yake mnaijua. Mwenye Employment Pass mwajiri halazimiki kumkatia bima ya matibabu, tofauti na wa S Pass, kibali cha wenye ujuzi wa kati. Ulizeni kabla ya kusaini. Hospitali ya hapa ni nzuri, na mgeni anailipia bei kamili.

Kazi ikiisha, kibali kinafutwa na kwa kawaida unapewa siku 30. Siku hizo zinapaswa kutosha kuuza vitu, kuwatoa watoto shule, kumaliza kodi ya IRAS na kutafuta mwajiri mwingine. Kamati inapendekeza tutenge sehemu ya ada kwa mkopo mdogo usio na riba, kwa mwanachama aliye kwenye siku hizo 30 tu. Mweka hazina hakubaliani nami kiwango, mtamsikia.

Pendekezo la pili ni kuunda dawati la wanachama watatu wa kusoma mikataba na barua za kibali za watu walio bado nyumbani, bila malipo, awe mtoto wa mwanachama au la. Dawati halitatafutia mtu kazi. Atakayechukua hela kwa huduma hiyo afukuzwe uanachama siku hiyohiyo, na nataka liandikwe hivyo katika azimio.

Makamu mwenyekiti na mhariri wa jarida wamehama, mmoja Rotterdam, mwingine amerudi Arusha. Nafasi zao ziko wazi, pamoja na yangu, kwani muhula wangu umefika. Fomu ziko mezani kwa katibu, karibu na chai. Wagombea wawe na kibali chenye angalau mwaka mmoja mbele, maana Msajili wa Vyama amelazimika kuandika upya majina ya viongozi wetu mara nyingi mno. Sasa namkaribisha mweka hazina.