Mpira wa kusafishia damu ukiziba, mgonjwa asilaumiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba mpira wa kusafishia damu (katheta, yaani mrija unaoingizwa kwenye mshipa wa damu) ukiziba, basi mgonjwa ndiye aliyeutunza vibaya. Shangazi yangu ana maradhi ya figo na husafishwa damu mara tatu kwa wiki. Mpira wa shingoni mwake umeziba mara mbili kwa damu iliyoganda, ingawa haufunguliwi na mtu yeyote isipokuwa wauguzi. Maneno kama yale yalimwumiza sana.

Damu haikuumbwa ikutane na plastiki. Mara inapoigusa, protini zilizomo, hasa fibrinojeni, hunata juu ya polima, yaani plastiki hiyo, na kubadilika umbo. Chembe sahani, yaani chembe ndogo za damu zinazoigandisha, huzishika protini hizo, huamka, huitana, na donge huanza kujijenga papo hapo. Kwa hiyo kinachostahili kuchunguzwa kwanza ni utando wa juu kabisa wa mpira, kwa kuwa ndio unaoonana na damu.

Mwaka 1963 Vincent Gott na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, inaweza kubandikwa juu ya uso wa kifaa, na tangu hapo njia hiyo imewasaidia wengi. Hata hivyo, heparini nyingi hutokana na utumbo wa nguruwe, jambo ambalo mgonjwa Mwislamu ana haki ya kuelezwa mapema, na wapo wachache ambao miili yao huipinga hadi chembe sahani zikapungua na damu ikazidi kuganda. Mimi natumainia zaidi polima ya MPC, iliyoendelezwa Japani na Kazuhiko Ishihara, ambayo huiga utando wa seli zetu wenyewe: ina chaji chanya na hasi kwa pamoja, hushikilia maji, na protini hukosa pa kunata.

Naziomba hospitali zetu, zinapotangaza zabuni za mipira hii, zitaje utando unaotakiwa na zidai matokeo ya vipimo vya jinsi mpira unavyopatana na damu, kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 10993-4, pasipo kutazama bei peke yake. Zidai pia uthibitisho kwamba utando haubanduki, kwani mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kuhusu tando za vifaa zilizobanduka ndani ya mishipa ya wagonjwa.

Msomaji wako,
Tanga